Wimbo Unapotoka Jukwaani: Kwa Nini Michezo ya Nyimbo Hupata Taabu katika Sinema

Kila mwaka, katika muhula wa kwanza, shule za Kapseret, kama zilivyo shule nyingine za Uasin Gishu na za Kenya nzima, hujiandaa kwa tamasha la drama. Mashindano huanzia karibu na nyumbani, hupanda hadi ngazi ya kaunti na ya kanda, kisha huishia katika tamasha la taifa. Katika miaka ya karibuni filamu nayo imetiwa miongoni mwa sanaa zinazoshindaniwa, hata jina la tamasha limepanuliwa ili kuitaja. Kwa sababu hiyo mwalimu yule yule aliyezoea kufundisha ngoma bunifu na michezo ya nyimbo hujikuta ameshika kamera. Fikira ya kwanza inayomjia, nayo ni fikira ya mtu mwenye akili timamu, ni kuuchukua mchezo ambao tayari umekwisha kutikisa ukumbi na kuugeuza uwe filamu. Nyimbo zimekwisha kutungwa, waimbaji wamekwisha kukomaa, hadhira imekwisha kupiga vigelegele. Kazi iliyobaki yaonekana kuwa ndogo.

Matokeo aghalabu huwa kinyume cha matarajio. Wimbo ulioinua watu vitini huonekana mrefu na wa kuchosha. Mchezaji aliyesifiwa kwa ukakamavu huonekana anapiga kelele. Na uhodari wa kundi zima hupungua ukawa nyuso chache zinazopita upesi. Jambo hili halikuanzia Kapseret. Limewapata mabwana wa sinema wenye mamilioni ya fedha, katika Marekani, Uingereza na Afrika ya Kusini, na kwa sababu zinazofanana. Makala haya yanakusudia kueleza sababu hizo, na kuzitazama hasa kwa mfano wa mchezo mmoja wa Kiafrika unaojulikana vyema na watazamaji wa Afrika ya Mashariki, yaani Sarafina!.

Kuna maelezo mepesi ambayo yafaa yaondolewe njiani mapema. Husemwa kwamba sinema ni sanaa ya uhalisi, na kwa kuwa watu katika maisha yao ya kawaida hawaanzi kuimba ghafla barabarani, mtazamaji wa sinema hawezi kuvumilia jambo hilo. Maelezo haya yaweza kumridhisha mtu wa New York. Mtu wa Mombasa au wa Lamu hayawezi kumridhisha hata kidogo. Pwani ya Afrika ya Mashariki ilitazama sinema za Kihindi kwa miongo mingi, na Alam Ara ya mwaka 1931, ambayo ndiyo sinema ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, ilikuwa na nyimbo saba. Watazamaji hawakuudhika; walizipenda nyimbo hizo hata wakazichukua. Waimbaji wa taarabu wa Mombasa, Juma Bhalo akiwa mmojawapo, walitwaa mahadhi ya nyimbo za sinema za Kihindi wakayavika maneno ya Kiswahili, na tawi zima la taarabu likapata umbo lake kwa njia hiyo. Basi hadhira inayoweza kufanya hivyo haiwezi kuambiwa kwamba wimbo na sinema ni maji na mafuta.

Lakini wimbo wa sinema ya Kihindi ulizaliwa sinemani. Haukuhamia. Ulitungwa huku mtunzi akijua kwamba sauti itarekodiwa peke yake studioni na mwimbaji kama Lata Mangeshkar au Mohammed Rafi, kisha mwigizaji ataufuatisha kwa midomo mbele ya kamera, na kwamba katika ubeti mmoja wapenzi waweza kuwa bustanini na katika ubeti wa pili wakawa mlimani penye theluji. Kadhalika mtazamaji alijua mapatano hayo, naye akayakubali. Wimbo wa jukwaani umezaliwa kwa mapatano mengine. Taabu inayochunguzwa hapa ni taabu ya kuhama, na anayetaka kuielewa hana budi kuuliza ni kitu gani hasa kilichobaki nyuma wakati wimbo ulipofungasha.

Mapatano ya jukwaani

Jukwaani kitu kimoja husimama mahali pa kingine. Kigoda ni nyumba, kanga iliyotandazwa ni mto, vijana sita wakikimbia mahali pamoja ni umati wa mji mzima. Hakuna anayedanganywa. Mtazamaji huijaza picha kwa akili yake, na maadamu amekwisha kukubali kwamba kigoda ni nyumba, si vigumu kwake kukubali kwamba huzuni ni wimbo. Wimbo ni ishara moja tu miongoni mwa ishara nyingi, nazo zote zina cheo kimoja.

Kamera haina adabu hiyo. Hupiga picha ya kitu chenyewe. Ukiielekeza kwenye kigoda, itaonyesha kigoda. Ukitaka nyumba, sharti uilete nyumba, yenye bati lililoshika kutu na mlango wenye kufuli. Mara nyumba ya kweli ikishaonekana, mtazamaji huanza kudai ukweli katika mambo mengine yote. Ndipo wimbo unapoonekana mgeni. Si kwamba wimbo umebadilika. Ni kwamba jirani zake wote wamebadilika, wameacha kuwa ishara wakawa vitu. Mfano ulio wazi mno ni Cats. Jukwaani, tangu mwaka 1981 mjini London, wachezaji walivaa mavazi na rangi za usoni, na kila mtu aliona kwamba ni binadamu wanaoigiza paka. Filamu ya mwaka 2019 ilitumia kompyuta kuwaotesha manyoya mwilini, ili wawe karibu na paka wa kweli. Kadiri walivyokaribia upaka ndivyo walivyozidi kuchukiza, na filamu ikachekwa ulimwenguni kote.

Jambo la pili lahusu mwili na sauti. Mchezaji wa jukwaani hufundishwa kumfikia mtu aliyeketi safu ya nyuma kabisa. Hufungua kinywa, huinua mikono, hukunja uso kwa kipimo cha ukumbi. Kamera huja ikasimama hatua moja mbele ya uso huo huo, na kipimo kile huwa ni kelele. Mwongozaji akimwambia mchezaji apunguze, wimbo hupungua naye, kwa kuwa ulitungwa kwa pumzi kubwa. Wengine wamejaribu kuitenganisha sauti na mwili: katika filamu ya My Fair Lady ya mwaka 1964 Audrey Hepburn alionekana, lakini sehemu kubwa ya uimbaji ilikuwa ya Marni Nixon. Wengine wamefanya kinyume chake. Katika Les Misérables ya mwaka 2012 waigizaji waliimba papo hapo mbele ya kamera, wakisikia piano kwa kifaa kidogo masikioni. Njia zote mbili zina hasara yake. Sauti safi ya studio humfanya mtazamaji ashuku mwili anaouona. Sauti ya papo hapo, yenye kwikwi na machozi, hugusa katika wimbo mmoja na kuchosha katika wa kumi.

Kiitikio na mrudio

Hata hivyo, kwa mtazamaji wa Kiafrika, hasara iliyo kubwa kuliko zote si ya kigoda wala ya sauti. Ni ya kiitikio.

Wimbo wa ngoma, uwe wa Kinandi, wa Kikuyu au wa Kimijikenda, kwa kawaida hugawanyika baina ya mwimbishaji na waitikiaji. Jukwaani mgawanyiko huo haukomei kwenye ukingo wa jukwaa. Mwimbishaji hutupa neno, kundi huitikia, na baada ya mara ya pili ukumbi mzima umekwisha kukijua kiitikio na kujiunga. Hapo mwimbishaji naye husikia jinsi walivyoitikia, akaongeza, akapunguza, akarefusha silabi, akatia fumbo jipya lenye kumlenga mtu aliyeketi mbele. Kwa hiyo mstari ule ule ukirudiwa mara nne, si mstari ule ule. Mara ya kwanza ni habari. Mara ya pili ni ukumbusho. Mara ya tatu ni makubaliano. Mara ya nne waweza kuwa tishio. Wanaosoma ushairi wa Kiswahili kwa mizani na vina tu, wakaona kibwagizo kama pambo linalorudiwa kwa sababu ya umbo, husahau kwamba kinywani mwa watu kibwagizo hubadilika maana kila kinaporudi.

Sinema haiwezi kungoja jibu. Mtazamaji akiitikia, picha haimsikii. Mhariri wa filamu akiketi na wimbo wenye mirudio minne, huona kitu kimoja kilichorudiwa bila sababu, naye kwa haki ya ufundi wake hukata mitatu. Au huiacha yote, na kila mrudio akaupa picha mpya ili macho yasichoke: mto, mlima, watoto wanaokimbia, machweo ya jua. Kwa namna ya kwanza wimbo umekatwa miguu. Kwa namna ya pili maana iliyokuwa ikikua katika neno imehamishiwa katika mandhari, na neno limegeuka kuwa muziki wa nyuma.

Tatizo la lugha huongezeka hapo. Kikuyu na Kikalenjin ni lugha za toni, na mtunzi wa wimbo katika lugha hizo huwa na mazungumzo ya daima baina ya mahadhi na toni ya neno. Filamu inayotaka kuvuka mipaka ya wilaya hutiwa maandishi chini ya picha, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Jicho linaposoma maandishi haliioni miguu ya wachezaji, na maandishi yenyewe hulazimika kuwa mafupi, hivyo fumbo hufumbuliwa kabla ya mwimbaji hajamaliza kulifumba. Jukwaani mgeni asiyejua lugha huweza kumtazama jirani yake anavyocheka, akajua kwamba pana jambo. Sinemani humsomea mtu ambaye hata jina lake halijui.

Sarafina! jukwaani na sinemani

Sarafina! ulitungwa na Mbongeni Ngema, na muziki wake ukatungwa naye pamoja na Hugh Masekela. Ulianza kuchezwa katika Market Theatre mjini Johannesburg mwaka 1987, ukafika New York mwaka huo huo, na kuanzia Januari 1988 hadi mwaka 1990 ulichezwa Broadway mara 597. Leleti Khumalo, msichana aliyechukua nafasi ya Sarafina, ndiye aliyekuja kuichukua pia katika filamu. Filamu ilitoka mwaka 1992, ikaongozwa na Darrell James Roodt, ikiwa na Whoopi Goldberg kama mwalimu na Miriam Makeba kama mama yake Sarafina. Maandishi ya filamu yalikuwa ya Ngema pamoja na Mwingereza William Nicholson.

Mchezo wa jukwaani una hadithi nyembamba sana. Wanafunzi wa shule ya Morris Isaacson, Soweto, wanaimba, wanasimuliana, wanaigiza mambo yaliyowapata wao na wenzao tangu maasi ya mwaka 1976, na mwishoni wanaandaa tamasha la shule lenye kuwaza siku ya kuachiliwa kwa Nelson Mandela. Wahakiki kadhaa waliulaumu wembamba huo. Lakini wembamba ulikuwa na kazi yake. Mambo ya kutisha, kama vile kupigwa risasi kwa watoto na kuteswa kwa wafungwa, hayakuonyeshwa; yalisimuliwa na vijana waliokuwa hai, wenye jasho, mbele ya macho ya watu. Kila mara masimulizi yalipofika mahali pasipostahimilika, wimbo ulipokea. Furaha ya wimbo haikuwa kinyume cha msiba. Ilikuwa ushahidi kwamba msiba haukuwamaliza wasimulizi. Mtazamaji aliona kwamba wanaosimulia mauti wamesimama wima wanacheza, na kuona huko ndiko kulikokuwa hoja ya mchezo.

Sinema haikuweza kuridhika na masimulizi. Kamera ilipofika Soweto ilitaka kuona. Hivyo filamu ikatengeneza hadithi nene: mwalimu Mary Masombuka anayefundisha historia isiyoruhusiwa, kukamatwa kwake, kufa kwake mikononi mwa polisi, askari mweusi anayechomwa moto na wanafunzi, Sarafina gerezani na mateso yake. Kila jambo kati ya hayo lina nguvu yake. Lakini mara mtu anapoonekana akiungua, mwili halisi na moto halisi, wimbo unaofuata hauwezi tena kuwa ushahidi wa uhai. Huonekana kama usahaulifu. Wahakiki wengi wa Marekani na wa Ulaya walisema jambo hilo kwa maneno mbalimbali mwaka ule wa 1992: kwamba nyimbo na damu hazikupatana. Lawama yao ilikuwa ya kweli kuhusu filamu, ila wengi hawakuuliza kwa nini vitu hivyo hivyo vilipatana jukwaani kwa miaka mitatu.

Wakati nao ulifanya kazi yake. Mwaka 1987 hadhira ilipotazama vijana wakiigiza kuachiliwa kwa Mandela, Mandela alikuwa gerezani, na tamasha lile lilikuwa dua na ukaidi kwa pamoja. Aliachiliwa tarehe 11 Februari 1990. Filamu ilipotoka, miaka miwili na zaidi baadaye, tukio lililokuwa likiombwa lilikuwa limekwisha kutokea. Mchezo wa jukwaani waweza kugeuza neno usiku huo huo habari inapofika. Filamu hutumia mwaka mmoja au zaidi tangu kuandikwa hadi kuonyeshwa, na neno lake huwa limekauka. Michezo mingi ya nyimbo hutungwa juu ya joto la siku. Ikifika sinemani imekuwa historia, nayo historia yataka namna nyingine ya kuimbwa.

Pana kazi ya tatu ambayo husahauliwa. Mwaka 1988 Nigel Noble alitengeneza filamu ya kweli, si ya kuigiza, iitwayo Voices of Sarafina!, iliyowaonyesha wachezaji wale wale jukwaani New York na kuwasikiliza wakizungumza juu ya maisha yao. Haikutafuta nyumba wala moto. Iliwapiga picha vijana wakiimba mbele ya watu, basi. Kwa mtu anayetaka kujua kwa nini mchezo ule uliwashika watazamaji, filamu hiyo ndogo ina msaada kuliko ile kubwa.

Na bado ile kubwa ndiyo inayopendwa Afrika ya Mashariki. Kwa miaka mingi imeonyeshwa katika televisheni, katika vibanda vya video na katika kumbi za shule, na nyimbo zake huimbwa na watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya mwaka 1992. Je, wahakiki walikosea? Jibu moja linalowezekana lapatikana katika namna ya kuitazama. Filamu ikionyeshwa katika bwalo la shule ya bweni Jumamosi usiku, kwa wanafunzi mia tatu waliobanana kwenye mabenchi, hakuna anayekaa kimya. Kiitikio huitikiwa. Wapo wanaojua kila hatua ya mguu, nao huinuka. Ukumbi huirudishia filamu kile ambacho kamera ilikiacha Johannesburg, na mrudio ambao mhariri wa sinema angeuona wa kupita kiasi hupata tena kazi yake. Mhakiki aliyeitazama peke yake, gizani, kalamu mkononi, alitazama kazi nyingine.

Waliofaulu

Si sahihi kudhani kwamba mchezo wa nyimbo hauwezi kabisa kuhamia sinemani. West Side Story ya mwaka 1961 ilipata tuzo kumi za Oscar, na The Sound of Music ya mwaka 1965 ilitazamwa hadi Eldoret. Lakini baada ya mafanikio hayo wenye studio walidhani wamepata mgodi, wakamwaga fedha katika Camelot (1967), Hello, Dolly! (1969) na nyingine za namna hiyo, wakaongeza mapambo pale ambapo wimbo ulihitaji nafasi, na hasara zikafuatana. Miaka kumi na sita baadaye Richard Attenborough alikichukua A Chorus Line, mchezo uliokuwa ukichezwa New York tangu mwaka 1975 na ambao ungefikia mara 6,137 kabla ya kusimama mwaka 1990. Mchezo huo wote ni mstari wa wachezaji wanaosimama mbele ya jukwaa tupu wakiomba kazi. Uzito wake ulikuwa katika mstari huo, kwamba mtazamaji awaone wote kwa pamoja na kujua kwamba wengi watakataliwa. Kamera ya mwaka 1985 ilichagua uso mmoja baada ya mwingine, ikaondoka kwenda kutazama mambo ya zamani, na mstari ukakatika.

Waliofaulu walianza kwa kukubali hasara. Bob Fosse alipoitengeneza Cabaret mwaka 1972 aliziondoa karibu nyimbo zote zilizoimbwa na watu majumbani mwao, akaziacha zile zinazoimbwa katika klabu ya usiku, mahali ambapo kuimba ni kazi ya watu; wimbo mmoja tu mkubwa hutoka nje, nao huimbwa na kijana wa Kinazi katika bustani ya pombe, hivyo hutisha kwa sababu umevunja mpaka. Katika Chicago ya mwaka 2002, nyingi za nyimbo hutokea kichwani mwa mwanamke mmoja anayeota kuwa mchezaji mashuhuri. Filamu zote mbili zilimpa mtazamaji mapatano mapya badala ya kudhani kwamba yale ya zamani yatavuka pamoja na mizigo.

Kwa upande wa Afrika, mfano ulio bora zaidi ni U-Carmen eKhayelitsha, iliyoongozwa na Mark Dornford-May na kushinda Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2005. Opera ya Bizet ya mwaka 1875 imeimbwa humo kwa Kixhosa, katika mtaa wa Khayelitsha nje ya Cape Town, na kundi la wasanii waliokuwa wamekwisha kuicheza jukwaani. Haikuficha kwamba watu wanaimba. Ilichagua mahali ambapo kwaya, mazishi, sherehe na maandamano vyote huimbwa, hata wimbo ukawa na haki ya kuwapo barabarani. Pauline Malefane, aliyeimba kama Carmen, alikuwa pia miongoni mwa walioyaleta maneno katika Kixhosa, na kazi hiyo ya lugha yafaa kuhesabiwa kuwa nusu ya mafanikio.

Kamirithu, ambako kamera haikufika

Kenya ina mchezo mmoja wa nyimbo unaozidi yote kwa umuhimu, nao haukupata kufanywa filamu. Ngaahika Ndeenda, kazi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, inayojulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda, ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 katika uwanja wa wazi uliojengwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, wenye nafasi ya watu wapatao elfu mbili. Mazoezi yalifanywa hadharani. Wazee waliwasahihisha wachezaji katika nyimbo za arusi na za zamani za mapambano. Wachezaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa viwandani, na watazamaji waliwajua kwa majina. Mwezi Novemba leseni iliondolewa, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa akawekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima. Mwezi Machi 1982, wakati wa kuzuiwa kwa Maitũ Njugĩra, jengo lenyewe lilibomolewa.

Lau mtu angeuchukua mchezo ule akautengenezea filamu ya kuigiza, yaelekea angepoteza mengi ya yale yaliyoelezwa hapo juu: mtazamaji kumtambua mchezaji kuwa jirani yake wa kiwandani, mzee kusahihisha kiitikio, uwanja mzima kuwa arusini. Lakini kutokuwapo kwa picha yoyote ndefu ya mchezo ule nako kuna gharama. Kilichobaki ni kitabu, na katika kitabu ngoma huandikwa kwa maneno machache ndani ya mabano. Mchezo ulipochezwa tena katika Kenya National Theatre, Nairobi, mwezi Mei 2022, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, waimbaji wengi walikuwa hawajazaliwa mwaka 1977. Hatua za miguu zilibidi zitafutwe upya.

Kwa hiyo ni lazima kutenganisha kazi mbili ambazo kamera hufanya, na ambazo mara nyingi huchanganywa. Kamera yaweza kuhifadhi mchezo, nayo ikifanya hivyo yapaswa kukaa mbali, iwaonyeshe wachezaji wote, iirekodi hadhira pamoja nao, na isikate mrudio hata mmoja. Matokeo hayatakuwa filamu ya kupendeza, wala hayakusudiwi kuwa hivyo. Au kamera yaweza kutunga kazi mpya, na hapo mwongozaji ana haki ya kuua nyimbo saba ili mbili ziishi. Aliye katikati, anayetaka kuhifadhi kila wimbo na papo hapo kupata sinema, ndiye hukosa vyote.

Yote haya hurudi kwa mwalimu wa Kapseret, ambaye hana fedha za studio na ana majuma machache kabla ya mashindano. Tuseme ana mchezo juu ya ugomvi wa shamba, wenye nyimbo sita, na wanafunzi ishirini na wanne. Jukwaani mpaka wa shamba ulikuwa kamba iliyoshikwa na wavulana wawili, na kila ugomvi ulipozidi, kamba ilisogea, na kundi likaimba. Akienda nje na kamera, kamba haitamfaa tena, kwa maana shamba la kweli lipo, lina mahindi na ua wa seng'enge. Wimbo ulioimbwa juu ya kamba hautaimbika juu ya seng'enge. Zaidi ya hayo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret umo humo humo Kapseret, na ndege ikipita juu, jukwaani mchezaji mjanja huinua macho, akatia neno, watu wakacheka, wimbo ukaendelea. Katika filamu ni sauti iliyoharibika, na wimbo wote huanza upya, huku jua likishuka na uso wa mwimbaji ukibadilika rangi kati ya ubeti mmoja na mwingine.

Yawezekana kwake wimbo mmoja kati ya sita una mahali pa kweli pa kuimbiwa: matanga ya usiku, kanisani, au wanawake wakipukuchua mahindi pamoja. Huo waweza kubaki mzima, na mirudio yake yote, kamera ikiwa imetulia mahali pamoja. Mingine mitano itabidi igeuzwe kuwa maneno, au kimya, au kamba ile ile iliyolala chini katika majani bila mtu wa kuishika.